Peni za Nyuma ya Jiko

Yonasi Sichone alikuwa fundi wa friji pale Tunduma, na kazi hiyo ilimlisha vizuri yeye, mkewe Witness na binti yao Faith. Lakini kazi ni kazi na mapenzi ni mapenzi, na mapenzi ya Yonasi yalikuwa sarafu za kale.

Yalianza bila yeye kukusudia. Kuliposemwa kwamba dhahabu imetema kule Mkwajuni, naye alijitosa kama wengine. Akanunua kwa mtu mashine iliyokwisha kutumika, ile yenye mpini mrefu na sahani chini, ambayo hulia ikipita juu ya kitu cha chuma au madini. Dhahabu hakuiona hata punje. Aliokota misumari, visoda na vipande vya pikipiki, mpaka wenzake wakamwita mkusanya takataka. Siku aliyokuwa anafunga mizigo arudi nyumbani, mashine ikalia kando ya njia ya zamani. Akachimba huku ananung'unika, na mkononi mwake kikabaki kisarafu cheusi, heller ya Mjerumani, ya mwaka ambao hata babu yake alikuwa hajazaliwa. Alikisugua kwa kidole gumba mpaka taji likaonekana. Moyo ulimdunda kama wa mtu aliyeitwa jina lake na mgeni.

Tangu siku ile Jumapili zake zote, ibada ikiisha, zilikwenda huko. Alijiunga na kundi la simu la wapenda sarafu. Wako wa Tanga, wako wa Mwanza, wako wa ng'ambo ya mpaka Nakonde. Kila aliyepata kitu alipiga picha akakiweka, na wengine wakammiminia sifa. Yonasi aliwahi kuweka senti kumi yenye tundu, akaweka rupia iliyolika upande mmoja. Zilisifiwa kidogo, kisha zikasahauliwa. Alitamani siku moja na yeye awe mtu wa kuzungumzwa.

Mwezi wa nane, mahindi yakiwa yameshavunwa na ardhi imekauka, alikwenda Hasamba kwa mama mkwe wake kurekebisha taa za sola. Mama huyo, Enesi, alikuwa mjane wa miaka mingi, amenyooka bado, mwenye kusema machache. Aliishi na mwanawe Hezron katika nyumba ya tofali iliyozungukwa na kahawa. Kati yake na Yonasi palikuwa na heshima ile ya mkwe na mkwe: hawakutazamana usoni sana, hawakutaniana, na kila mmoja alijua mwenzake anampenda kwa namna chakula kilivyoandaliwa na namna mzigo ulivyopokelewa.

Alipomaliza taa, Yonasi alikohoa kidogo.

"Mama, nimekuja na ile mashine yangu. Naomba ruhusa nipitepite shambani."

"Ile ya kutafuta hela za wazungu?" Enesi alitabasamu huku anatazama pembeni. "Pita, Baba Faith. Pita popote, shamba ni lenu. Ila hapa nyuma ya jiko pasichimbwe."

"Sawa, Mama."

Hakuuliza kwa nini. Pale nyuma ya jiko palikuwa na kipande kidogo cha ardhi chini ya mti mfupi wa maua meupe. Kahawa haikupandwa pale ingawa shamba lilikuwa dogo, na kila asubuhi Enesi alipafagia kama anavyofagia sebule. Yonasi alikuwa amekiona kipande hicho tangu siku za uchumba, na siku zote alikihesabu kuwa nafasi iliyopotea bure.

Enesi akajifunga kitenge chake, akaenda msibani kwa jirani. Hezron alikuwa kwenye mnada wa kahawa. Yonasi akapita shambani mchana mzima akapata kipande cha jembe na kijiko. Jua likiwa linaelekea kushuka, alirudi nyumbani kunawa mikono. Njia ya kwenda kwenye pipa la maji ilipita nyuma ya jiko, na mashine hakuwa ameizima.

Ikalia.

Haikulia kama inavyolia kwa msumari. Ililia sauti nene, ya utulivu, ile ambayo watu wa kundi lake huisimulia kama wengine wanavyosimulia harusi. Yonasi akasimama. Akatazama barabarani, hakuna mtu. Akajisemea kwamba hatachimba, atapima tu. Akapima. Kisha akajisemea kwamba atachimba kidogo, atarudisha udongo, na mama hatajua. Mtu akishaanza kujisemea maneno ya namna hiyo, huwa ameshachimba.

Hakuchimba sana. Kina cha kiganja tu na sepetu yake ikagonga kopo la tumbaku lililoliwa na kutu. Mfuniko ulivunjika mkononi. Ndani mlikuwa na uzi mnene uliosokotwa kwa mkono, umeganda udongo, na katika uzi huo zimetungwa peni za shaba zenye tundu katikati, na kila peni ina tembo wawili wanaotazamana. Zilikuwa peni za Rhodesia na Nyasaland. Moja moja alizijua, ziliuzwa hata Nakonde. Lakini zilizotungwa namna hii, ndani ya kopo lake, ardhini! Hakuna mtu wa kundi aliyewahi kuweka kitu kama hicho.

Chini zaidi ya hapo hakutazama. Alirudisha udongo, akaushindilia kwa mguu, akachukua ufagio wa mama mkwe wake mwenyewe akapafagia. Kopo likaingia kwenye mfuko wa vifaa. Enesi aliporudi kutoka msibani alimkuta mkwewe amekaa barazani, amenawa, anasubiri chai.

"Umepata chochote, Baba Faith?"

"Kijiko tu, Mama."

Akacheka, na mama naye akacheka.

Njiani kurudi Tunduma alijipangia hadithi nzuri. Baba mkwe, marehemu, alifanya kazi migodini Kitwe enzi za ujana wake. Hapana shaka alificha akiba yake pale akasahau. Yonasi atazing'arisha, azitie kwenye fremu ya kioo, ampelekee mama siku ya Krismasi. Mama atafurahi mpaka alie. Hadithi hiyo ilimtuliza, akalala nayo.

Kesho yake akakata uzi kwa mkasi wa kazini, maana ulikuwa umeoza na unanuka udongo. Akautupa kwenye takataka zilizochomwa jioni ile. Peni akaziloweka kwenye maji ya limao, akazisugua kwa mswaki hadi zikawaka kama mpya. Ndipo akawasha simu, akazipanga mezani, akajirekodi. Alikuwa amechangamka kupita kiasi.

"Wadau, tazameni mambo hayo! Nimeitoa nyuma ya jiko kwa mama mkwe wangu kule Hasamba. Mwenyewe anapafagia kila siku, ameikalia hazina hana habari!"

Akacheka kicheko kirefu. Video ikaenda.

Sifa alizozitamani zote alizipata. Watu walimwita mfalme. Lucky, mkusanyaji wa Nakonde aliyekuwa na duka la vitenge, alivuka siku iyo hiyo kuja kuziona kwa macho yake, wakabadilishana: Lucky akachukua peni moja, Yonasi akapewa sarafu ya fedha ya mfalme wa Kiingereza. Video nayo ikatoka kwenye kundi ikaingia makundi mengine, ikaruka kutoka simu hadi simu, kwa kuwa watu wanapenda sana hadithi ya mkwe aliyemzidi mama mkwe ujanja.

Siku ya tatu Yonasi akiwa amepiga magoti nyuma ya friji ya muuza samaki, simu ikaita. Alikuwa Hezron.

"Shemeji, uko wapi?"

"Kazini. Habari za huko?"

"Nimeona ile video yako. Nilicheka. Nikampelekea mama aone, nikijua naye atacheka."

"Akasemaje?"

"Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, ila niondoe sauti. Kisha akatoka nje. Shemeji, mama amekaa chini nyuma ya jiko tangu asubuhi. Hali, hanywi, hataki kuinuliwa. Anauliza jambo moja tu: kama ulichimba mpaka chini au uliishia kwenye kopo."

Yonasi aliachia bisibisi ikaanguka. Muuza samaki alimuuliza kama amepigwa na shoti.

"Niliishia kwenye kopo," alisema. "Hezron, chini kuna nini?"

"Hajasema. Njoo na dada."

Kumweleza Witness ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote. Witness aliitazama video mbele yake, pale kwenye kochi, mpaka mwisho. Alipofika kwenye kile kicheko, alimwangalia mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

"Mama alikukataza pale?"

"Alinikataza."

"Ukachimba akiwa msibani."

"Ndiyo."

Hakumtukana. Alikwenda kuvaa viatu. Yonasi alitamani sana atukanwe.

Walifika Hasamba mchana. Enesi alikuwa pale pale, miguu ameinyoosha, mgongo kwenye mti, kitenge kimejaa maua meupe yaliyodondoka. Witness alikwenda kukaa kando yake. Yonasi hakuthubutu kusogea. Alikaa chini mbali kidogo, kwenye vumbi, akaweka mfuko wenye peni mbele yake kwenye ardhi. Hezron akauchukua akampa mama.

Enesi alimimina peni kwenye mapaja yake. Ziling'aa juani. Alizigeuza moja moja, na ilionekana wazi hazijui.

"Zimekuwaje?"

"Nilizisafisha, Mama," alisema Yonasi.

"Na uzi?"

"Niliuchoma na takataka."

Kuku walikuwa wanachakura kando ya jiko. Enesi alifumba macho, na alipoanza kuzungumza, alizungumza na wanawe.

"Mlikuwa na dada," alisema. "Mbele yenu wote. Aliitwa Tabita. Baba yenu alikuwa Kitwe, mgodini. Alikuja likizo mara moja akamkuta mtoto anatambaa. Alileta peni hizi kwa sababu zina tundu. Akasema mtoto wa mchimba shaba naye avae shaba. Uzi niliusokota mimi, nikamfunga kiunoni. Akitambaa, zinagongana, zinalia. Nikiwa jikoni napika, nasikiliza. Najua yuko mlangoni, najua yuko kwa kuku."

Witness alikuwa ameshika mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili.

"Baba yenu akarudi kazini. Surua ikaja ikapita nyumba kwa nyumba. Habari zilipomfikia Kitwe, nilikuwa nimeshamzika hapa. Peni nikazitia kwenye kopo lake la tumbaku, nikaziweka juu juu, nikisema akirudi afukue kidogo, azione, aamini. Aliporudi akasimama hapo alipokaa Baba Faith. Hakuweza. Hatukufukua. Wala hatukulizungumza tena mpaka anakufa."

"Mama, kwa nini hukutuambia?" Hezron alikuwa analia waziwazi.

"Ningewaambieni ili iweje? Nyinyi mlikuwa hai."

Yonasi alitazama ardhi. Aliwahi kusikia watu wakisema mtu anatamani ardhi ipasuke immeze, akadhani ni usemi tu. Lakini ardhi ile ndiyo aliyoipasua yeye. Alikumbuka mguu wake ukishindilia udongo. Alikumbuka ufagio. Na bado kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua, na ambalo angeweza kulinyamazia, maana mama alikuwa hajazihesabu peni zile.

"Mama," alisema, "hazijatimia. Moja nimempa mtu. Iko Nakonde."

Witness aligeuza uso. Enesi alimtazama mkwewe moja kwa moja machoni; hakuwa amefanya hivyo tangu siku ya mahari.

"Basi kailete," alisema.

Alivuka mpaka jioni ile ile, akipita kati ya malori yaliyopanga foleni kama mji mwingine. Lucky alikuwa anafunga duka. Alimpokea kwa furaha, akamsalimu kwa Kibemba, akamvutia kiti.

"Mwapoleni, ba Yonasi! Umeleta nyingine?"

"Nimekuja kuomba ile niliyokupa. Sarafu yako hii hapa, ichukue."

Lucky alicheka. "Awe, mukwai, hapana. Tulibadilishana kiungwana. Nimeshaiweka kwenye albamu."

Yonasi angeweza kusema mkewe amekasirika. Angeweza kusema ni urithi wa familia. Maneno hayo yote yalikuwa kinywani, tayari. Akasema, "Nimeitoa kaburini. Ni ya mtoto. Dada wa mke wangu."

Tabasamu la Lucky liliondoka polepole. Alikwenda nyuma ya duka, akarudi na peni ameishika kwa kipande cha karatasi, akaiweka mezani, hakumpa mkononi. Kisha akachukua kikombe cha maji akanawa mikono mlangoni pa duka, vidole vyote, kimoja kimoja.

"Uliniacha nikaishika siku mbili nzima," alisema. "Mke wangu aliishika. Watoto walichezea."

"Sikujua, Lucky."

"Ulikuwa hujui ya nani. Ya kwako ulijua kuwa siyo."

Yonasi alinyoosha mkono wa kuaga. Lucky alikuwa anafuta yake kwa kitambaa, na alikuwa bado anafuta Yonasi alipotoka. Nje, kijana mmoja wa kubadilisha kwacha alimtambua. "Huyo! Mzee wa hazina ya mama mkwe!" Wenzake wakacheka, wakampigia makofi. Alitembea katikati ya makofi hayo mpaka upande wa Tanzania, ameinamisha kichwa.

Nyumbani aliifuta video kwenye kundi, akaandika kwamba peni zile zilikuwa za kaburi la mtoto, kwamba alichimba pale alipokatazwa, na kwamba anaomba kila aliyenayo aifute. Wachache walimwandikia pole. Wengine walidhani anataka kuficha alipochimba ili arudi. Mmoja wa Mwanza akauliza: je, chini ya kopo amejaribu kupima? Yonasi aliizima simu na kwa muda mrefu hakuiwasha.

Jumamosi iliyofuata walizirudisha. Alikuja mzee wa kanisa na majirani wachache, wale wale ambao walikuwa wameshaiona video na kucheka. Sasa walimwamkia Yonasi kwa sauti za chini na kuondoa macho haraka. Enesi alikuwa amesokota uzi mwingine kwa vidole vyake visivyonyooka tena, akatunga peni zote. Zilikuwa bado zinang'aa vibaya, mng'aro wa dukani. Hezron alichimba kwa mikono, polepole, kina kile kile cha kiganja. Yonasi alisimama nyuma kabisa, kwenye mstari wa kahawa, akidhani hapo ndipo mahali pake.

Mzee wa kanisa alipofungua kitabu, Enesi aliinua mkono.

"Baba Faith, sogea."

"Niko hapa, Mama."

"Sogea. Ulimfukua ukiwa karibu, usimfukie ukiwa mbali."

Akasogea. Watu walimpisha njia. Alipiga magoti kando ya shemeji yake, na mama mkwe wake akautikisa uzi mara moja kabla ya kuuweka, peni zikagongana. Sauti ndogo. Enesi aliinamisha sikio kuisikiliza, kisha akauweka. Yonasi alisukuma udongo kwa viganja vyake, na machozi yakamwangukia mikononi mbele ya kila mtu. Hakuyafuta, maana mikono ilikuwa michafu.

Baada ya sala walikula. Enesi mwenyewe alimletea maji ya kunawa, akampakulia kama siku zote, nyama ya upande anaoupenda. "Kula, Baba Faith. Yamekwisha." Na alikuwa mkweli. Hakulitaja tena jambo lile, wala hakuwaruhusu wanawe walitaje. Witness naye, baada ya wiki za ukimya, alianza tena kumsimulia mumewe habari za sokoni. Mashine ilikwenda kwa mchimbaji wa Mkwajuni.

Wanaendelea kwenda Hasamba, yeye, Witness na Faith, kama zamani. Salamu ni zile zile, na chakula ni kile kile. Ila Yonasi ameliona jambo moja ambalo wengine hawalioni, au wanajifanya hawalioni. Wakifika tu, Enesi akishawapokea mizigo na kuwatengea chai, huchukua kigoda chake, huzunguka nyuma ya jiko, na kukaa chini ya ule mti. Hukaa huko mpaka wanapoaga, ingawa Hezron anasema siku nyingine hukaa barazani. Anazungumza na binti yake kutoka huko huko, anapepeta mchele wake huko huko, hata jua likizunguka kivuli kikamwacha.

Safari ya mwisho Faith alimpelekea chai yake akamuuliza, "Bibi, mbona unakaa juani? Njoo barazani tukae wote na baba."

"Napenda hapa, mjukuu wangu," alijibu Enesi kwa upole. "Nyinyi kaeni."

Yonasi alilisikia jibu hilo barazani. Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini taratibu, kisipige kelele, akatazama miguu yake mpaka Witness aliposema ni saa ya kwenda.